Pishi kwa kichwa

Mkristo wa Unguja akifungua Kutoka sura ya 16 hana haja ya kuuliza mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ilipimwa kwa kitu gani. Biblia ya Union imesema wazi: kichwa pishi. Watafsiri walikuta omeri kwenye Kiebrania, wakatafuta kipimo ambacho mama yeyote wa pwani amewahi kukishika. Pishi ya hapa ni vibaba vinne. Ukipima mchele unapata kilo mbili na nusu na ushei. Omeri ni sehemu ya kumi ya efa, kama lita mbili, kwa hiyo pishi yetu imeizidi kidogo. Hata hivyo mtu aliyepimiwa vile hakushinda na njaa.

Ndiyo maana neno "Mungu atatoa" likisemwa hivi hivi, bila kipimo, linakera masikio. Sura ile ile inayosema Mungu alitoa inataja pia kiasi, saa, siku, na kilichowapata waliovunja utaratibu. Kumtegemea Mungu kwa riziki ni kazi yenye vipimo, na wengi tunaikosea kwenye vipimo kabla hatujaikosea kwenye imani.

Sheria za mana ni chache. Inaokotwa asubuhi, maana jua likiwa kali inayeyuka. Kila mtu anaokota kwa idadi ya walaji waliomo hemani mwake. Hakuna kulaza hadi kesho. Siku ya sita wanaokota pishi mbili kwa kila kichwa, wanaoka cha kuoka na kuchemsha cha kuchemsha, na siku ya saba hakuna kutoka. Watu walikosea mara mbili. Wapo waliolaza, ikaingia mabuu na kunuka, Musa akawakasirikia. Wapo waliotoka siku ya saba na vikapu vyao, wakarudi navyo vitupu.

Sisi tuna methali yetu, akiba haiozi. Mana ya Jumatatu iliyolazwa iliharibika, na mana ya siku ya sita iliyolazwa ikakaa salama. Chakula ni kile kile, hema ni lile lile. Kilichotofautiana ni sababu ya kulaza. Ya kwanza ililazwa na mtu aliyeogopa kwamba kesho Mungu hatakuwepo. Ya pili na mtu aliyeambiwa kwamba kesho hakuna kuokota. Ukitaka kujua akiba yako ni ya namna gani, jiulize: kuna siku ninayoijua ambayo kikapu kitarudi kitupu?

Kwa anayefanya kazi za wageni hapa kisiwani, siku hiyo ipo na inaitwa masika. Mvua inaanza kukaza katikati ya Machi, Aprili hoteli nyingi za ukanda wa mashariki zinafunga au zinapunguza watu, Mei bado. Juni kusi imetulia na ndege zinarudi. Novemba kuna vuli, lakini vuli haifungi milango. Hakuna anayehitaji nabii kumwambia. Kwenye Matendo 11 alihitajika Agabo kutabiri njaa iliyokuja wakati wa Klaudio, na wanafunzi waliposikia walifanya jambo moja: kila mmoja aliazimu kutoa mchango kwa kadiri alivyoweza, ukapelekwa Uyahudi. Sisi Aprili inakuja kila mwaka, na kila mwaka inatukuta tukiomba maombi ya dharura.

Basi tupige hesabu, maana hapa ndipo penye nyama. Yusufu, kwenye Mwanzo 41, alishauri sehemu ya tano itengwe katika miaka ya shibe. Tuseme mhudumu wa mkahawa anapata shilingi 500,000 kwa mwezi, mshahara na bahashishi pamoja, kuanzia Juni hadi Februari. Hiyo ni miezi tisa. Fungu la kumi ni 50,000. Sehemu ya tano ni 100,000. Anabaki na 350,000 ya kuishi, na kufikia mwisho wa Februari ametenga 900,000.

Machi hadi Mei, tuseme anapata vibarua vya 150,000 kwa mwezi. Akitoa fungu la kumi anabaki na 135,000. Ili aishi kwa ile 350,000 aliyoizoea anapungukiwa 215,000 kila mwezi, jumla 645,000 kwa miezi mitatu. Akiba inabaki na 255,000. Hiyo ina wenyewe, nitaifikia. Na asipopata kibarua hata kimoja? 900,000 gawanya kwa tatu ni 300,000. Atapunguza 50,000 kwa mwezi, basi. Hatakopa. Sehemu ya tano ya Yusufu inatosha hata kwenye baya kabisa, na hili ningependa lihubiriwe mara moja kwa mwaka, Jumapili ya kwanza ya Juni, wakati fedha bado haijaingia mifukoni.

Hesabu hii inavunjikia wapi? Kwanza kwenye kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi mjini wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na ikiangukia Aprili inakomba akiba yote siku moja. Zungumza na mwenye nyumba mapema, ukiwa na fedha mkononi, ulipe Januari kipindi kinachovuka masika. Pili, kwenye wazee. Wengi wa Wakristo wa Unguja wana kwao Bara, na simu ya kutoka kwao haijui msimu. 1 Timotheo 5:8 ni kali kwa asiyewatunza walio wake, kwa hiyo kiasi cha wazee kiingie ndani ya ile 350,000 tangu mwanzo, kiwe kidogo kinachofika kila mwezi. Kuwatumia 200,000 Desemba kwa ajili ya Krismasi na kunyamaza hadi Julai si kuwatunza. Tatu, fedha inakaa mahali pa karibu mno. Akiba iliyo kwenye simu ile ile unayonunulia vocha si akiba.

Vikoba na upatu vinasaidia, lakini angalia tarehe. Kikoba kinachovunjwa Desemba kinakupa fedha mwezi ambao una kazi na una sikukuu. Aprili huna kitu na kikoba ndiyo kwanza kimeanza upya. Kikundi chenye watu wa hoteli kivunjwe wiki ya mwisho ya Machi. Kwenye upatu wa watu kumi wanaotoa 50,000, omba zamu ya Aprili, ulaze 500,000 yako kwa wenzako mpaka hapo. Ubaya wa upatu unajulikana: aliyepokea mwanzo anaanza kuchelewesha. Wenye zamu za mwanzo wawe watu wenye mshahara wa mwaka mzima, walimu au wauguzi.

Na mchele. Kuna wanaosikia neno akiba wakakimbilia kununua polo la kilo 50 Machi. Nyumba ya watu watano inayopika kilo moja na robo kwa siku italimaliza kwa siku 40, na masika ya hapa, unyevu ukiwa umeingia hadi kwenye chumvi, siku 40 zinatosha kabisa kwa fukusi. Utajua wameingia ukitia mkono ndani na kuukuta mchele una vuguvugu, na unga mweupe unabaki kwenye vidole. Nunua kilo 25, siku 20, uziweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko uliokaza, juu ya ubao, mbali na ukuta unaotoa jasho. Mchele mpya usimwagwe juu ya wa zamani. Maliza, pangusa ndoo, ianike juani ndipo utie. Mabuu ya Kutoka 16 si mfano tu.

Deni sasa. Kwenye 2 Wafalme 4 kuna mjane ambaye mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Ukipita Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na mtu anayesali pale hapaswi kuisoma sura hiyo haraka haraka. Elisha hakuanza na muujiza, alianza na swali: una nini nyumbani? Chupa ya mafuta. Akamtuma kwa jirani kuazima vyombo vitupu, wala si vichache. Akamwambia afunge mlango. Mafuta yakamiminwa mpaka chombo cha mwisho, na chombo kilipokosekana yakakoma. Kisha amri ya mwisho, yenye mpangilio ambao watu huuruka: uza, lipa deni, kinachobaki mle wewe na wanao. Deni limetangulia chakula kizuri.

Leo mdai anaitwa kausha damu. Anashika kadi yako ya benki na namba ya siri, na riba inahesabiwa kwa mwezi. Chukua 200,000 kwa asilimia 30 kwa mwezi, usiguse kwa miezi mitatu, riba ikizaa riba: mwezi wa kwanza 260,000, wa pili 338,000, wa tatu 439,400. Umekopa Machi, Juni kazi inaanza, mshahara wa kwanza karibu wote si wako. Watu wanaingia humo wakiamini kwamba Mungu atafungua njia kabla ya tarehe. Ukiwa umeshaingia, fuata mpangilio wa mjane. Orodhesha kilichomo nyumbani kinachouzika, kuanzia simu ya pili hadi ujuzi wa kushona, kupika au kurekebisha feni. Nenda kwa mdai kabla hajaja, umwombe asimamishe riba kwa malipo ya kila wiki, yaandikwe na kushuhudiwa. Lipa deni lenye riba kubwa kwanza, hata kama mwenye riba ndogo ndiye anayepiga kelele. Na mlango ufungwe: usitangaze kwenye kundi la simu la kwaya kwamba Mungu anakufanyia jambo, kabla jambo halijaisha.

Vyombo vile vya mjane, tukumbuke, vilikuwa vya jirani. Hapa jirani wa Mkristo mara nyingi ni Mwislamu, na riziki yake na yetu zinapita uchochoro mmoja. Hata neno lenyewe tunalitumia pamoja. Kwenye Sala ya Bwana ya Union tunasema "Utupe leo riziki yetu", na yeye akiondoka asubuhi anasema anakwenda kutafuta riziki. Mjane wa Sarepta aliyemlisha Eliya hakuwa Mwisraeli, na Yesu alilikumbusha hilo kwenye Luka 4 hadi watu wa kwao wakataka kumtupa bondeni. Kanisa lile la Mkunazini lilipojengwa, sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji, na saa ya mnara ilitoka kwa Sultani Barghash. Anayesema hatapokea futari ya jirani kwa sababu anamngoja Bwana, huenda Bwana ameshatuma sahani na imerudishwa mlangoni.

Huyo mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga kwenye pipa na mafuta kidogo kwenye chupa. Ahadi aliyopewa haikuwa ya kujaziwa pipa. Aliambiwa pipa halitapunguka mpaka siku mvua itakaponyesha. Yaani kila asubuhi akiinama anaona konzi ile ile, chini kabisa, na kila asubuhi anapika. Wengi tunaomba pipa lijae ili tusiiname tena.

Nije kwenye sadaka, maana hapa pana mafundisho yanayoumiza watu. Mtu anaambiwa apande mbegu ya kodi ya nyumba, 300,000 yote, ili avune mara mia. Aprili anafukuzwa, na anaambiwa imani yake ilikuwa haba. Fedha iliyotolewa ili irudi na faida ina jina lake, ni kubeti, hata kama bahasha ina msalaba. Mstari unaotumika sana ni Wafilipi 4:19, kwamba Mungu atawajaza kila mnachokihitaji. Soma kuanzia mstari wa 10: Paulo anawaambia hayo watu waliokwisha kumtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, akiwa kifungoni, na anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Ni risiti ya shukrani. Si tangazo la mavuno.

Utaratibu wa Paulo wa kutoa uko 1 Wakorintho 16:2. Siku ya kwanza ya juma, kila mtu, nyumbani kwake, kwa kadiri alivyofanikiwa. Kwa mhudumu wetu maana yake ni hii: Jumapili asubuhi kabla ya ibada anahesabu bahashishi za wiki, anatenga, anafunga bahasha. Wiki ya 80,000 ni 8,000. Wiki ya 15,000 ni 1,500, na haoni haya. Kwenye 2 Wakorintho 8:12 Paulo anasema kutoa kunakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si ya asivyo navyo. Mistari mitatu baadaye anaichukua ile mana: aliyekusanya vingi hakuzidishiwa, aliyekusanya vichache hakupungukiwa. Paulo aliisoma Kutoka 16 kama mpango wa makanisa kufidiana. Mwenye kuzidi leo ndiye ghala la mwenzake.

Ndiyo ile 255,000 iliyobaki. Ina wenyewe.

Parokia au usharika wenye mfuko wa masika unahitaji mambo machache tu, lakini usipoyaweka mfuko utakufa mwaka wa pili. Matendo 6 inaeleza ulivyokaribia kufa wa kwanza: wajane wenye kusema Kiyunani walisahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Chakula kilikuwepo, hakikufika. Wakachaguliwa watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani, yaani mgao ulikabidhiwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Kwa hapa: wagawaji wasitoke kabila moja wala kwaya moja, na awepo mmoja anayekaa Paje au Nungwi, wanakokaa wafanyakazi wenyewe, maana kamati nzima ikikaa Mjini itagawia Mjini. Kuwe na daftari la kuingia na la kutoka, na asiyeshika fedha ndiye aandike. Paulo kwenye 1 Timotheo 5 anaweka hata umri, mjane aandikwe akiwa ametimiza miaka 60, na familia yake ianze kubeba kabla ya kanisa. Ukali huo unalinda mfuko usimezwe na wenye ndugu wenye uwezo. Na toeni mchele, mafuta na kodi iliyolipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Fedha taslimu kwa mwenye deni la kausha damu itafika kwa kausha damu kabla ya jioni.

Kidogo kuhusu kunguru. Luka 12 inasema tuwatafakari kunguru, hawapandi wala hawavuni. Msomaji wa Zanzibar anacheka, maana wetu, aliyeletwa kutoka India miaka ya 1890 asafishe taka, anaiba samaki kwenye ungo huku mwenyewe akitazama. Ila hilo halivunji hoja. Kwa sheria ya Walawi kunguru ni najisi, na ndiye aliyetajwa, ndiye pia aliyempelekea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni. Na kunguru hangoji riziki akiwa amelala. Alfajiri, kabla adhana haijaisha, ameshatoka kwenye miembe. Wanaowatumia ndege wa angani kuhalalisha kukaa kitandani hawajawahi kuamka mapema kuwaona. Wakulima wa mwani wa Jambiani wanalijua hili bila kusoma Luka: maji ya bamvua yanakupwa kwa siku chache mwezi mpya na mwezi mpevu, ukiyakosa unakaa na maji mafu hadi bamvua jingine. Bahari inatolewa bure, saa yake haiahirishwi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini agaegae upwa ukiwa wazi.

Kuomba kwenyewe kuna namna. Ombi la riziki kwenye Sala ya Bwana ni la leo, na ni letu, si langu. Kwa hiyo lipe jina, kiasi na tarehe: kilo tano za unga kufikia Jumatano, nauli ya daladala hadi Bububu siku nne. Andika. Pembeni yake andika jina la mtu mmoja mwingine na anachopungukiwa. Likijibiwa andika lilikotoka, na utashangaa ni mara ngapi limetoka kwa mtu usiyemtegemea. Lisipojibiwa kwa tarehe, usilifute. Tazama kwanza kama lilikuwa hitaji au mazoea. Mithali 30:8 inaomba chakula kilicho kadiri yangu, si utajiri wala umaskini. Kama ni hitaji kweli, lipeleke kwa mzee wa kanisa au kwenye jumuiya siku hiyo hiyo. Yakobo 2 inawakemea wanaomwambia mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe, na wenzako hawawezi kulitii neno hilo kama umewaficha njaa yako.

Mwisho wa mana nao umeandikwa. Yoshua 5:12: Waisraeli walipokula mazao ya Kanaani, kesho yake ikakoma, baada ya miaka 40. Hakuna aliyelia kwamba Mungu amewaacha. Basi anayeitwa kazini Juni na kupata mshahara wa kwanza, aende kwa mtunza daftari wa mfuko wa masika, jina lake likatwe kwenye ukurasa wa kupokea, na liandikwe upande wa pili, hata kwa 2,000 tu.